Mtumiaji Mmoja Bado Yumo

Ariel, rafiki yangu wa Montevideo, amenisimulia haya mara moja tu. Jumapili alienda ofisini peke yake kuhamishia mfumo wa ripoti kwenye toleo jipya. Kazi haianzi mpaka watumiaji wote watoke kwenye mfumo. Mmoja alikuwa bado yumo: Nélida, mfanyakazi mwenzao waliyemzika Machi. Akaunti yake hawakuifuta, maana ripoti zote zilikuwa kwa jina lake.

Akampigia bosi.

“Mtoe basi! Nyama yangu inaungua huku.”

“Nimemtoa mara tatu, bosi. Anarudi.”

“Acha masihara. Zima swichi kuu ya umeme, uwashe upya.”

Akazima. Ofisi haina dirisha. Feni zikanyamaza gizani. Akanyoosha mkono kuwasha. Kutoka mezani kwa Nélida, palipoondolewa kompyuta tangu mazishi, ilisikika kibodi ikichapwa, bila haraka.