Jina la Kabla ya Jando

Baraza lile la mafundi cherehani sokoni Newala limeezekwa upya, lakini kila nikipita namwona Mwanasha amesimama pale na gauni la kitenge cha manjano, pindo limefumuka.

"Fundi, nishonee upesi, watu wananisubiri."

"Unawauzia nini, mrembo?" aliuliza Ashiru, uzi mdomoni.

"Siuzi. Nasomea sheria. Nawasaidia bure waliovuka Ruvuma wapate karatasi."

Ashiru akaacha kucheka. Mama yake alivuka mto huo akikimbia vita, yeye akiwa tumboni. Sasa Uhamiaji walikuwa wamempa siku kumi na nne athibitishe kuwa alizaliwa huku, la sivyo arudishwe ng'ambo asikomjua mtu. Alimweleza yote, akamkaribisha maji, na Newala, kwa shida yake ya maji, hukaribishwi maji hivi hivi.

Mapenzi hayakuomba ruhusa. Simu kila jioni.

"Umekula, wangu?"

"Nimeshiba sauti yako."

Uongo mtupu! Ashiru alikuwa amemaliza sahani nzima ya mihogo.

Siku ya kumi, Mwanasha alipata kadi ya kliniki kwa mama yake Ashiru. Kwa furaha alikimbia barazani, akalitaja kwa sauti jina lililoandikwa, akauliza nani atashuhudia kuwa ndiye Ashiru. Jina lenyewe silitaji, nami nina adabu zangu. Lilikuwa la utotoni, na huku mwanamume akishatoka jandoni, kumwita hivyo ni kumtukana. Mwanasha, binti wa Masasi jirani, alilijua hilo vizuri, ila sheria ilikuwa imemlevya.

Mafundi waliinama. Ashiru akafunika cherehani, akaondoka, akazima simu.

Siku ya kumi na tatu akaiwasha, nayo ikaita papo hapo.

"Nisamehe, Ashiru. Niliogopa watakuchukua, nikasahau adabu."

"Bila jina hilo sitapona?"

"Hutapona. Lazima mtu aape kwamba majina yote mawili ni yako."



"Somo wangu wa jando, aliyekuwepo nilipobadilishwa jina, ataapa. Na jina nitalitamka mwenyewe."

Kesho yake alilitamka mbele ya hakimu, jasho likimtoka, macho kwa Mwanasha. Muhuri ukagongwa, na karatasi zake zikapokelewa Uhamiaji siku hiyohiyo.

Nje akamshika mkono. "Majina yangu mawili unayajua. La tatu nipe wewe."

"Lipi tena?"

"Baba fulani."

Mwanasha alilia huku anacheka.

Siku hizi pale barazani muulizie Baba Pili. Kadi ile imo sandukuni mwa mkewe, wakili. Watoto wakiuliza imeandikwa nini, huwajibu: "Muulizeni baba yenu."