Misa ya Gisèle

Mengi ya yaliyompata jirani yangu Aubin Namegabe niliyaona kwa macho yangu, na machache alinieleza mwenyewe, kwa hiyo anayetaka kubisha na abishe. Mimi si mtu wa kuona mizimu kila kona. Ninashona nguo hapa mtaa wa Himbi, ukuta kwa ukuta na nyumba yao, na mtu akiniletea habari za uchawi humwuliza kama ameleta na kitambaa.

Ilianza siku ya kawaida kabisa, jua linawaka, wanawake wanapanda kutoka ziwani na mabido, yale madumu ya maji. Muzee Namegabe alikuwa ameshazikwa, matanga yameondolewa, viti vya kukodi vimerudishwa kwa mwenyewe. Aubin, mtoto wake wa kwanza, alivaa shati lililopigwa pasi akaenda ofisi ya ardhi ili nyumba ya baba yake iandikwe kwa jina lake. Alirudi mchana amevimba kwa hasira.

"Mama Miriam, banasema batoto bote ba muzee bakuye kutia sahihi," aliniambia huku ameegemea ukuta. "Bote! Ao kama mumoja alikufa, famille iseme alikufa."

Watoto wote wa muzee walikuwa wawili tu, yeye na dada yake Gisèle. Gisèle aliolewa na mvuvi anayeitwa Jean-de-Dieu kule Vitshumbi, kwenye ziwa Edward. Ndiye aliyemwogesha muzee na kumlisha wakati wa ugonjwa, kabla hajarudi kwa mume wake. Na muzee aliacha neno mbele yetu sote: nyumba ni ya wote wawili, na chumba cha nyuma ni cha Gisèle, mtu asimsumbue. Neno hilo Aubin hakulipenda hata kidogo. Yeye, karani, akae nyumba moja na shemeji anayenuka samaki? Aliyasema hayo waziwazi, tena akicheka. Sasa barabara ya kule ilikuwa imefungwa kwa vita, simu hazishiki, na hakuna aliyejua Gisèle angefika lini.

Ukoo ukakaa kikao, conseil de famille. Nami niliitwa kama jirani wa miaka mingi. Muzee Bashige, mdogo wa marehemu, aliuliza kama kuna habari yoyote ya Gisèle. Aubin aliangalia viatu vyake.

"Gisèle hayuko tena, papa," alisema. "Pirogue yao ilipinduka mu ziwa. Mutu mumoja alitoka kule, aliniletea habari juzi."

Muzee Bashige alipiga yowe. Akina mama walijitupa chini. Mimi nililia mpaka kichwa kikaniuma, maana Gisèle nilimfundisha kushona kwa mikono yangu hii, akiwa msichana mwenye kucheka ovyo. Katikati ya vilio hivyo kikao kikakubali Aubin aandikishe nyumba peke yake. Nani angebishana na mfiwa?

Baadaye aliniapia kwamba hakupanga kusema vile. Ulimi uliteleza, akaona mlango umefunguka, akapita. Alidhani tutalia siku moja, apate certificat yake, ile hati ya nyumba, kisha aseme habari ilikuwa ya uongo na sote tufurahi. Lakini sisi watu wa upande wa Bukavu hatumwachi mtu wetu aende hivihivi, hasa wa kufa majini, asiye na kaburi. Muzee Bashige akafuta machozi, akasema Gisèle ataombewa misa na jina lake litasomwa altareni pamoja na wafu wengine.

"Tungoje kwanza, papa," Aubin alisema haraka.

"Tungoje nini? Roho ya mutoto wetu itembee-tembee mu maji?"

Aubin angeweza kusema ukweli palepale, na aibu yake ingekwisha baada ya matusi mawili matatu. Hakusema.

Dimanche, siku ya misa, tulijaza benchi letu kanisani. Padri akasoma majina ya marehemu mmoja mmoja, taratibu, kama anayeita watu waingie. Alipofika kwa Gisèle Namegabe, tuliitika kumwombea. Aubin alikuwa pembeni yangu. Yeye aliinama akajifanya anafunga kamba za viatu.

Ndipo nyuma yetu mtu akajibu. Sauti ya mwanamke, ndogo, kama ya mwanafunzi anayeitwa darasani.

"Niko."

Niligeuka. Benchi la nyuma lilikuwa tupu.

Sikumwambia mtu. Nilijiambia ni majonzi, masikio ya mtu anayelia husikia mengi. Aubin naye alianza kukonda. Chakula alikisogeza, mke wake akachukua watoto akaenda Bukavu kwa mama yake, maana mume alikuwa hasemi na mtu. Hata hivyo karatasi zake zilikuwa zinapita ofisini vizuri. Siku aliyoambiwa certificat iko tayari, aliniita kabla ya kwenda kuichukua. Alitaka nipime madirisha ya chumba cha nyuma, nimshonee mapazia mapya. Chumba cha Gisèle. Moyoni nilisema, huyu naye hana haya, lakini kazi ni kazi.

Nilikuwa juu ya kiti na futi yangu tuliposikia mtu anagonga lango. Taratibu. Kwa kidole kimoja.

"Kaka Aubin. Nifungulie."

Tulifika langoni pamoja. Lango lao ni la chuma, lina kitundu cha kuchungulia. Aubin akachungulia, akarudi nyuma, nami nikachungulia.

Alikuwa Gisèle.

Jua la mchana lilikuwa kali, barabara kavu, vumbi jeusi la volkano linaruka. Yeye alikuwa ameloa. Kitenge kimemganda mwilini, nywele zimelala usoni. Barabarani mtu alipiga kelele, "Muzimu!" na watu wakatawanyika. Mwenye chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, alitupa chukudu lake na makaa yake yote akakimbia. Hata mimi, nisiyeamini hayo, nilijikuta nimeshika rozari.

Lakini Aubin hakuogopa kama sisi, na hapo ndipo roho yangu huwa inaniuma ninapomfikiria. Sisi sote tulijua Gisèle amekufa. Yeye peke yake alijua ni mzima. Kwake yule alikuwa dada yake wa damu, amepita barabara ya hatari, amechoka, amesimama nje ya nyumba yao. Kufungua lango ni kukiri mbele ya mtaa mzima. Na certificat ilikuwa inamngoja ofisini.

"Kaka. Niko na baridi. Nifungulie."

Alishika komeo. Nilimwona amelishika.

Akaliachia.

"Wewe haiko dada yangu," alinong'ona. "Dada yangu alikufaka."

Sauti ya nje ikauliza kwa upole:

"Ni vile unasema, kaka?"

"Ni vile."

"Basi."

Sikusikia hatua za kuondoka. Nilipochungulia tena hapakuwa na mtu.

Aubin alikwenda ofisini na kurudi na certificat ndani ya bahasha. Hakuifungua. Alikuja moja kwa moja kwenye chumba changu cha kushonea, akaketi sakafuni kama mtoto, akanieleza yote niliyowasimulia: uongo wa pirogue, hofu yake, chuki yake kwa shemeji. "Alikuwa muzima, mama Miriam. Nilifukuza dada yangu na baridi yake. Tumutafute. Nitamupa nyumba yote." Alilia kwa kwikwi. Nilimkasirikia hata nikatamani kumchapa na futi, lakini nilichukua simu. Tulianza na Vitshumbi, tujue aliondoka lini na angefikia kwa nani.

Kwa mara ya kwanza tangu barabara ifungwe, simu ya Jean-de-Dieu ilishika. Nikaweka sauti kubwa.

"Tulibatafuta sana, simu inakatala," alisema. Alikuwa anahema. "Gisèle alikufa, shemeji. Ile dimanche, saa ya misa. Alikuwa anaosha samaki. Akainua kichwa, kama mutu banamuita. Akasema 'Niko.' Akaingia mu maji, akatembea tu. Maji ilitulia kabisa. Mwili hatujaona mupaka leo."

Aubin hakulia tena. Aliinuka, akatoa ufunguo wa lango mfukoni. Mimi nilikuwa nimeziba mdomo, maana neno lile nililisikia kanisani dimanche hiyohiyo, kwa masikio yangu.

Tulirudi kwake tukiwa tumeshikana mikono. Lango lilikuwa kama alivyoliacha, limefungwa kwa ufunguo wake. Alipolifungua tuliona nyayo za miguu mitupu juu ya saruji, mbichi, zinatoka langoni zinakwenda chumba cha nyuma. Za kuingia tu. Za kutoka hazikuwepo.

Aubin alikiri mbele ya ukoo. Muzee Bashige alimsikiliza mpaka mwisho, akainuka, akavaa kofia yake, akaondoka bila kumuaga, na tangu siku hiyo hamtaji. Certificat iko palepale, nzuri, ina mihuri yote. Nyumba ni ya Aubin peke yake.

Wiki iliyopita, asubuhi, nilitoka nje kufagia nikamkuta amesimama barabarani bila viatu. Alikuwa ametoka kununua mkate tu, na ufunguo ulikuwa mkononi mwake, lakini komeo lilikuwa limefungwa kwa ndani. Ndani hamkuwa na mtu. Alikuwa anagonga kwa upole, paji la uso limegusa chuma.

"Gisèle," alikuwa anasema. "Ni miye kaka yako. Nifungulie."

Maji yalikuwa yanatoka chini ya lango, yanalowesha miguu yake. Niliyachota kidogo kwa kiganja, nikanusa. Yalinuka samaki.