Mikwaju Mitatu ya Ukingoni

Kavutha na mumewe Mutiso walikuwa wakulima karibu na Wamunyu. Ukingoni mwa kijito, ndani ya shamba lao, kulikuwa na mikwaju mitatu mikubwa. Kila kiangazi Kavutha na wanawake wenzake waliokota ukwaju na kwenda kuuuza sokoni Masii. Kando ya mizizi ya miti hiyo walikuwa wamechimba kisima. Maji hayakukosekana hata Septemba.

Mwaka 2003 jirani yao Kalekye alikata miti yake ya ukingoni, karibu yote, ikawa kuni za kuchomea matofali. Mvua ya Novemba iliponyesha, ukingo ulimomonyoka. Kisima cha Kalekye kikajaa udongo.

Wiki hiyohiyo Mutiso alirudi nyumbani na habari.

"Bartholomew wa matofali anataka mikwaju yetu. Atakuja Ijumaa na msumeno wa injini."

"Na umekubali?"

"Si shamba ni langu?"

Asubuhi Kavutha alijifunga leso, akaenda ofisi ya misitu. Alipokewa na ofisa aliyeitwa Nduku, akamweleza habari ya mikwaju.

"Shamba ni lenu, mama," Nduku alisema. "Lakini mti haukatwi bila kibali, hata ukiwa kwa shamba yako. Na ukingoni mwa mto, mimi sipeani kibali. Tena baraza la kaunti liko na orodha ya miti muhimu. Mti ukiandikwa hapo, hakuna mtu atakata mpaka baraza likubali kwa maandishi. Hata shamba likiuzwa, mwenye kununua lazima afuate sheria hiyo."

"Na ukwaju? Tutakatazwa kuokota?"

"Hapana. Okoteni. Tawi likikauka, niambieni kwanza, halafu mkate. Chukua fomu hii. Mzee wako atie sahihi, na wale wanaotegemea miti waweke majina yao."

Kavutha hakumpa Mutiso fomu mara moja. Alimpeleka kwanza kwa Kalekye. Mutiso alichomeka fimbo kisimani, ikazama kwenye tope hadi karibu na mkono wake. Kavutha akamweleza maneno ya Nduku na habari ya ile fomu.

"Fomu iko wapi?" akauliza.

Alitia sahihi palepale, juu ya goti. Wanawake tisa wakaandika majina yao. Alhamisi fomu ikafika kwa baraza.

Ijumaa Bartholomew alikuja na watu wawili. Mutiso alimngoja njiani.

"Mikwaju haiuzwi tena."

"Lakini tulikubaliana, Mutiso."

"Nilikubali nikiwa sijui. Kibali hatuna, mimi na wewe. Ukikata, tutasimama wote wawili kortini."

Bartholomew aliitazama miti, kisha akawaambia watu wake warudishe msumeno kwenye gari.

Tangazo la baraza lilibandikwa kwenye ofisi ya chifu kwa siku thelathini. Hakuna aliyepinga. Mikwaju yote mitatu ikaingia kwenye orodha, kila mmoja na namba yake ya rangi nyeupe shinani.

Mwaka uliofuata mvua ilichelewa sana. Kisima cha Kavutha kilitoa maji kila siku. Jioni moja Kalekye alikuja kuchota. Alijaza mitungi yake miwili, lakini hakuondoka.

"Ile fomu yenu ilikuwa na kurasa ngapi?" aliuliza.

"Moja tu."

"Mimi nimebakiwa na mti mmoja pale ukingoni."

"Basi kesho njoo mapema," Kavutha alisema. "Twende pamoja kwa Nduku."