Kadi ya Raymond

Kila Jumamosi asubuhi, Elaine Duckworth alipomaliza kumsaidia mama yake kuosha vyombo, alivaa koti na kuteremka mbio hadi soko lenye paa la mji wao wa Accrington. Hakwenda kununua jibini wala soksi. Alizipita meza zote hadi kwenye kona ya Bwana Haworth, aliyeuza kadi za zamani za wachezaji wa mpira, zile ambazo watoto wa enzi za mama yake walizikuta ndani ya pakiti za chingamu.

Elaine alikuwa na miaka kumi na miwili. Alitaka kukusanya seti moja mpaka ikamilike, lakini mwezi mzima ulikuwa umepita hajaamua ipi.

"Bado tu?" Bwana Haworth alimtania. "Watu huoa upesi kuliko unavyochagua kadi, binti!"

Alimpangia seti tatu mezani. Ya kwanza ilikuwa ya kabla ya vita kuu, kadi ndogo zilizochorwa kwa rangi. Ya pili ilikuwa ya miaka ambayo wachezaji walifuga nywele hadi mabegani. Ya tatu ilikuwa ya mwaka 1959, kadi hamsini, na ya hamsini haikuwa na mchezaji bali orodha ya wachezaji wote wa seti hiyo.

"Hii iache," alisema Bwana Haworth. "Kadi ya orodha imeliza wengi. Watoto wa wakati ule walitia tiki kwa penseli kila walipopata mchezaji mpya, kwa hiyo safi hazipatikani. Chukua hizi za nywele ndefu. Si unazicheka kila ukija?"

Kweli, Elaine alizipenda hizo. Alikuwa ameshanyoosha mkono aliposikia sauti nyuma yake.

"Mpe hizo hizo, Bwana Haworth. Awasuke!"

Alikuwa Nigel Kershaw wa darasani kwao, mdomo umejaa chipsi. Elaine alihisi masikio yakimwaka moto. Akaurudisha mkono.

"Nataka za hamsini na tisa," alisema.

Mwaka mmoja baadaye alikuwa na kadi arobaini na tisa. Iliyobaki ilikuwa ile ile aliyoonywa. Mwezi wa Mei chama cha wakusanyaji kingefanya mashindano ya watoto katika ukumbi wa kanisa, na sharti lilikuwa moja: seti iwe kamili na safi. Elaine aliandika barua, aliuliza kila mahali, akarudi mikono mitupu.

Jirani yao, Bi Catlow, mshonaji katika kiwanda cha viatu vya kuvalia nyumbani, alimkuta jioni moja ameketi kizingitini amenuna. Alipoambiwa sababu, aliingia ndani, akakaa kitambo, akatoka na bahasha.

"Hii ni ya mdogo wangu, Raymond," alisema. "Nilimlea mimi baada ya mama kufa. Ilikuwa mfukoni mwake siku alipopelekwa hospitali na homa ya uti wa mgongo. Hakurudi. Alikuwa na umri wako."

Elaine aliitoa. Ilikuwa kadi ya orodha! Ilikuwa na tiki thelathini na moja za penseli, na chini kabisa maneno yaliyopinda: *Bado 18*.

"Nakuazima, sikupi," Bi Catlow alisema. "Akae na wenzake siku moja. Nitakuja kumwona hapo ukumbini. Utaitunza?"

"Nakuahidi, Bi Catlow."

Lakini mezani kwake, Elaine aliitazama kadi ile akakumbuka sharti. Kadi yenye tiki ni kadi chafu. Alimfikiria Nigel, ambaye naye angeshindana. Kisha akajiambia kwamba penseli ni kitu kidogo, na kwamba anaisafisha tu, haiharibu. Akachukua kifutio laini. Tiki ya kwanza ikatoka kama vumbi. Alipofika kwenye maneno ya chini mkono ulisita. Kisha akayafuta nayo.

Siku ya mashindano, Bwana Haworth alikuwa mwamuzi. Alizitazama kadi hamsini za Elaine, akatikisa kichwa kwa mshangao. "Na orodha safi! Umeipata wapi wewe?"

"Kwa jirani," alisema Elaine.

Akapewa kikombe. Watu walikuwa bado wanapiga makofi alipoingia Bi Catlow, amevaa koti lake la Jumapili. Alikwenda moja kwa moja mezani, akavaa miwani, akainama. Alibaki ameinama muda mrefu.

"Hii siyo," alisema. Akamgeukia Bwana Haworth. "Bwana, kadi yangu iko wapi?"

"Ndiyo hiyo, mama."

"Usinifanye mjinga! Ya ndugu yangu ilikuwa na alama zake. Umeibadilisha! Nawajua ninyi wafanyabiashara."

Bwana Haworth aliiva uso. Miaka ishirini na tatu sokoni, hakuna aliyewahi kumwita mwizi. Aligeuka kumtafuta Elaine, na usoni mwake hapakuwa na shaka hata chembe.

"Elaine, mwanangu, hebu mwambie mama huyu. Kadi ni ile ile uliyokuja nayo, au siyo?"

Elaine alikikumbatia kikombe. Angeweza kunyamaza. Nani angejua? Lakini Bwana Haworth alikuwa akimngoja, na watu walikuwa wameanza kunong'ona na kumwangalia mzee yule kwa jicho baya.

"Ni ile ile," alisema. "Nilizifuta mimi."

"Ulifuta nini?" aliuliza Bi Catlow.

"Tiki. Na yale maneno."

Bwana Haworth aliichukua kadi, akailaza upande chini ya taa. Mikwaruzo hafifu ilionekana pale penseli ilipokandamiza. Bi Catlow aliipapasa kwa kidole. Hakupiga kelele. Alikaa kwenye kiti, akaishika kadi mapajani, machozi yakimtoka mbele za watu.

Elaine alimwomba Bwana Haworth radhi, wote wakisikia, akarudisha kikombe. Akapewa Nigel, aliyekuwa wa pili.

Kesho yake alikwenda kugonga kwa Bi Catlow, penseli mkononi.

"Mikwaruzo bado inaonekana," alisema bila kuinua macho. "Naweza kupitisha penseli juu yake, polepole. Irudi kama zamani."

"Utakuwa mwandiko wako," alisema Bi Catlow. "Wako wa nini? Mimi nilikuwa na wa Raymond."

Elaine akaangua kilio. Bi Catlow alimwacha alie mpaka amalize, ndipo akamvuta ndani na kumpa kiti.

"Nisikilize. Hata mimi jana nilimwita mtu mwizi bila kuuliza, na leo nimekwenda kwake kumwomba radhi. Wewe ulisema kweli mbele za watu, ukamwokoa. Kwa hilo nimekusamehe. Lakini usinidai kusahau, maana sitaweza. Ulitaka sifa, ukaona alama za Raymond ni uchafu. Cha mtu ukikiazima, Elaine, hujui kimebeba nini. Kirudishe kama ulivyopewa. Msamaha huponya ugomvi, kilichofutika haukirudishi."

Elaine aliitikia kwa kichwa. Bi Catlow aliirudisha kadi ndani ya bahasha, akaifunga, akaenda kuiweka mahali pake.