Picha Iliyotangulia

Hebu fumba macho kidogo, uione karakana ndogo mchana wa jua kali. Mezani kuna droni, ile ndege ndogo ya kupiga picha kutoka juu, na kando yake vipokezi viwili vya kuonyesha chini kile ambacho ndege inakiona angani. Kaka na dada yake mdogo wamevikodolea macho. Kesho wana kazi ya kupiga picha paa la kiwanda lililozungukwa na nyaya za umeme, na lazima wachague kimoja.

"Hiki kipya picha yake ni safi," alisema dada, ambaye ndiye mrushaji.

"Safi, lakini inachelewa. Kama mgeni wa harusi anayefika watu wanakunja viti. Droni ya kwanza ilikufaje? Ulipoiona nguzo, ulikuwa umeshaigonga."

Kaka akawasha kile cha mtumba, alichokinunua sokoni. Picha yake ilijaa chenga. Akapunga mkono mbele ya kamera, kama walivyozoea kupima. Dada akakunja uso.

"Rudia."

Akarudia. Mkono wa kwenye kioo ulipunga kwanza, wake ukafuata.

"Kaka, hicho kinakutangulia."

"Hakichelewi tu, mdogo wangu. Si ndicho tunachokitafuta?"

"Aliyekuuzia alikuwa anakitumia kwa kazi gani?"

"Hakusema. Na wewe siku hizi unamshuku hata paka akilala."

Dada hakucheka. Chumba kilinuka marashi na nywele zilizoungua. Alidhani kuna waya unaoungua, akakigusa kipokezi. Kilikuwa baridi kama jiwe la kisimani.

"Irushe, isimamishe juu ya jengo," alisema kaka. "Napanda kuinua antena, chenga zipungue."

Paa lao lilikuwa bapa, juu tu ya karakana, ghorofa tatu kutoka chini, lisilo na kizuizi pembeni. Dada akairusha droni kupitia dirishani, akaiacha ielee, akakiangalia kioo.

Nyayo za kaka zilikuwa bado zinasikika kwenye ngazi, lakini kwenye kioo alikuwa ameshafika ukingoni, ameinama kwenye antena, na nyuma yake zile chenga zilianza kukusanyika, kidogo kidogo, kama siafu kwenye mfupa, mpaka zikawa mtu mrefu asiye na uso, ndipo kaka wa kwenye kioo akageuka kama mtu aliyeitwa na mguu wake ukakanyaga hewa. Picha ikarudi kuonyesha paa tupu.

Dada alifungua mdomo apige kelele, kisha akaufumba. Kaka wa kwenye kioo ameitwa na nani, kama si na yeye mwenyewe, na jengoni hamna mtu mwingine? Alitaka kukimbilia ngazi, akaogopa mshindo wake ungemgeuza kaka, akaziba mdomo kwa mikono yote miwili huku akisikiliza nyayo za kweli zikipita juu ya kichwa chake, zikielekea ukingoni, zikasimama, na hapo, nyuma ya bega lake, taratibu, kwa sauti yake mwenyewe, kitu kikasema:

"Kaka, hebu geuka uone."

Aliuma kiganja. Hakutazama nyuma. Juu kukawa kimya, kimya kirefu, halafu nyundo ikaanza kugonga.

Kaka akashuka jasho likimtiririka. "Mbona uliniita halafu ukanyamaza? Nilikuwa nimeng'ata waya kwa meno na umefungwa kwenye nguzo ya antena, ningegeukaje?"

"Sikukuita."

Alitaka kutania, akakiona kiganja chenye damu, akakaa chini.

Walichagua kile kinachochelewa, na dada akajifunza kurusha polepole. Cha mtumba walikitoa betri wakakizika mbali. Sauti haikuzikwa. Mpaka leo dada akimwita kaka yake, kaka hageuki. Humsubiri apite mbele, aone midomo yake ikitikisika.

Nawe, mpenzi, nakuomba ukumbuke hili moja: ukiwa mahali pa juu, na mtu unayempenda akakuita kwa nyuma, shuka kwanza, ndipo uitike.