Toleo Lililoitwa Loise

Asubuhi ile kompyuta ya Loise ilinuka udi. Hakuna aliyefukiza chochote. Ofisini mlikuwa na kiyoyozi, watu wanne na biriani iliyobaki jana. Loise alinusa kibodi, akacheka peke yake, akaendelea na kazi. Siku hiyo hakuna kitu ambacho kingemharibia furaha.

Kampuni yao ya mtaa wa Al Qusais, huko Uarabuni, ilitengeneza programu za kufungua milango ya hoteli kwa kadi. Wengine huyapa matoleo yao nambari tu. Wao kila toleo jipya walilipatia jina la mtu, na marekebisho madogo yaliyofuata, wanayoyaita viraka, yakaongezewa nambari: Idd, Idd Moja, Idd Mbili. Baada ya Idd likaja Paskazia. Mwaka huo wa 2014 likawa Loise, na aliyelichagua jina ni Gibson, jirani wa kwao Nyahururu na sasa mwenzake kazini, aliyemtafutia viza na kumpokea uwanja wa ndege. Loise alimtumia mama yake picha ya skrini. Mama wa watu akaenda kumwombea Gibson kanisani.

Desturi ilikuwa kulijaribu toleo kwa hoteli moja ya Al Barsha kabla ya kuwapelekea wateja wote Alhamisi. Kiraka cha kwanza kilipoingia, Faustine, Mtanzania wa mapokezi pale hotelini, alipiga simu.

"Dada Loise, mbona unapiga kila mara halafu husemi? Unapumua tu."

"Sijakupigia, Faustine."

"Mwishoni ulicheka. Kicheko ni chako."

Kiraka cha pili kilipotoka, kadi ya Loise ilikataa kufungua mlango wa ofisi. Cha tatu kilipotoka alikwenda msalani kunawa, akainua uso, na kioo kikamwonyesha mlango uliokuwa nyuma yake, na taulo, na bomba likitiririka, na moshi wa udi ukipanda kutoka kwenye sinki, vyote isipokuwa yeye mwenyewe, mpaka alipoanza kulia ndipo uso wake ulipojitokeza taratibu, umechelewa, hauna hata chozi.

Khelef, mtengeneza programu kutoka Unguja, alimkuta koridoni, naye akamweleza ya kioo.

"Sema polepole," alimnong'oneza. "Wenye kampuni wana jini la kufuga. Ndilo linalolinda programu isiharibike, nalo kila toleo hutaka jina la mtu hai. Toleo likishawafikia wateja wote, mtu mwenyewe haonekani tena. Paskazia alikaa kiti hicho hicho chako."

"Si alirudi Bukoba?"

"Kwao wanamtafuta mpaka leo."

"Na wewe ukaninyamazia, Khelef?"

"Gibson alituambia umeridhia mwenyewe."

Loise alimkuta Gibson akikoroga chai. Hakuinua macho.

"Walitaka jina langu, Loi. Na mimi niko na watoto."

"Ndiyo ukanitoa nyumbani?"

Gibson aliendelea kukoroga. Hapo ndipo Loise alipoumia kweli. Jini hakulijua, wala halikuwahi kula kwao. Huyu alikula kwao Krismasi zote, na mama yake alimwita mwanangu.

Ilikuwa Jumatano. Khelef aliisomea kompyuta Ayatul Kursi huku Loise akishika Zaburi yake kando, kisha Khelef akaliondoa toleo lisiende kwa yeyote. Mashine ilikoroma kama mtu anayekabwa, taa zikafifia, na harufu ya udi ikaisha.

"Khalas, yamekwisha," alisema Khelef.

"Na ile hoteli?"

"Tukiliondoa hapa, aliyekwisha kulichukua anabaki nalo. Nimewaomba walifute, wamekataa. Wanasema milango haijawahi kufunguka vizuri hivi."

Loise alitoka mbio hadi kwenye ngazi, akampigia mama yake.

"Mama, ni mimi, Loise."

Mama akajibu kwa sauti ya chini, yenye woga.

"Loise nimeongea naye sasa hivi. Ameniambia kuna mtu atapiga akijifanya yeye, nisimsikilize." Akashusha pumzi. "Mwache mtoto wangu. Gibson yuko naye, anamtunza."

Simu ikakatwa.