Katapila Namba Saba Lilipozimwa

Elieser Sarira alikutwa saa moja asubuhi, kichwa kimelala juu ya meza kama mtu aliyesinzia kazini. Damu ilikuwa imeganda kwenye vitufe vya kompyuta. Simu bado ilikuwa mkononi.

Inspekta Damaris Palimbong alisimama mlangoni pa kontena lililogeuzwa ofisi, akatazama kwanza bila kugusa kitu. Pigo moja tu, kisogoni. Hakuna droo iliyovunjwa, hakuna kiti kilichoanguka.

"Kapigwa kwa chuma kizito," alisema Sajini Wempi, aliyekuwa amechuchumaa kando ya maiti. "Kuna grisi kwenye nywele. Na hizi nyayo, afande. Mtu alikuwa peku."

Damaris aliinama. Matope yalikuwa ya manjano. Nje, uwanja mzima wa mashine ulikuwa umejaa tope la kijivu la kokoto zilizosagwa.

Alimwita mlinzi, mzee Lukas.

"Nani alikuwa na ugomvi na marehemu?"

"Uliza nani hakuwa nao, afande. Huyu ndiye aliyekuwa akiziangalia mashine zote kwa GPS. Ukienda kunywa kahawa umeacha injini inanguruma, anajua. Ukivuka mpaka waliouchora kwenye ramani, anajua. Madereva walimwita Jicho."

"Jana jioni aliingia nani?"

"Sikumwona mtu. Mvua ilikuwa inapiga bati, hata ningeimba nisingejisikia. Kazi ilisimamishwa tangu mchana, madereva wakaenda makwao."

"Wote?"

Mzee Lukas alitazama viatu vyake. "Wote... isipokuwa Yohanis. Yeye alitoka na katapila namba saba. Alisema mlima umeporomoka kwao, Buntu Karua. Nikamfungulia geti, mama. Ungekuwa wewe ungemfungia?"

Damaris aligeukia kompyuta. Kwenye ramani kulikuwa na nukta kumi na mbili. Kumi na moja zilikaa ndani ya mstari mwekundu wa uwanja. Moja ilikuwa peke yake mlimani, kilomita mbili kutoka hapo.

Wempi alifungua orodha ya tahadhari, akasoma kwa sauti. Saa nane na dakika arobaini na moja mchana, namba saba imevuka mpaka. Dakika kumi na tano baadaye, tahadhari ya pili. Kisha ya tatu. Kila moja Elieser aliijibu kwa maneno yale yale: *Hitilafu ya kifaa. Mashine iko uwanjani.*

"Alikuwa anadanganya," alisema Wempi.

"Endelea."

"Saa tisa na dakika hamsini na mbili. Injini imezimwa kutoka mbali." Wempi alikuna kidevu. "Amri imetoka makao makuu, Makassar, afande. Siyo kwenye meza hii."

Damaris aliichukua simu ya marehemu kwa kitambaa, akapitia namba zilizopigwa jana. Kisha akasema waende Buntu Karua.

Njia ilikuwa imekatika nusu, wakamalizia kwa miguu. Pale juu tope lilikuwa la manjano. Nyumba nne zilikuwa zimefunikwa. Watu walichimba kwa majembe, kwa masufuria, kwa vipande vya mbao. Kando, maiti watatu walilala wamefunikwa mashuka. Katikati lilisimama katapila namba saba, mkono juu, kijiko kimejaa udongo ambao haukumwagwa. Kijiko hicho kilikuwa na meno matano. Palipokuwa na la sita palikuwa na grisi tu.

Chini yake mwanamume alikuwa anachimba kwa mikono. Alikuwa peku. Kucha mbili zilikuwa zimeng'oka.

"Yohanis Tandilino?"

"Ndimi."

"Mimi ni Inspekta Palimbong. Jino la kijiko liko wapi?"

"Nimelitupa korongoni. Lilikuwa limelegea tangu wiki iliyopita." Hakuacha kuchimba. "Nipe muda kidogo, dada. Nitakuja mwenyewe."

"Nani yuko humo?"

"Mke wangu, Alfrida. Na binti yangu, Yuli."

Wempi alizitoa pingu. Damaris akamwashiria azirudishe. Alichuchumaa kwenye tope.

"Nieleze."

"Walikuwa hai," alisema Yohanis. "Walikuwa wanagonga. Watu wote hawa walisikia, waulize. Tatu, kimya. Tatu, kimya. Nilikuwa nimeshafika kwenye paa. Nilihitaji vijiko kumi tu, labda kumi na viwili. Injini ikazimika yenyewe. Mafuta yapo, betri ipo. Nikawasha, ikakataa. Ndipo nikajua ni yule Jicho."

"Ukafanya nini?"

"Nikachimba kwa mikono. Saa kumi walikuwa wanagonga bado. Saa kumi na moja kasoro hawakugonga tena."

"Ukashuka uwanjani."

"Nikashuka. Nilitaka aniangalie usoni aniambie kwa nini. Nimefika mlangoni, amenipa mgongo, yuko kwenye simu. Mabega yanatikisika. Anacheka, dada! Mke na mwanangu wako chini ya udongo na yeye anacheka na watu kwenye simu. Sikumsemesha. Nilimpiga mara moja."

"Saa ngapi?"

"Sijui. Giza lilikuwa halijaingia."

Damaris alisimama. Alitembea hadi nyuma ya mashine, akapiga namba ya Makassar ambayo simu ya marehemu ilikuwa imeipiga tena na tena jana. Ilipokelewa na msimamizi wa mitambo, Bwana Hendrawan.

"Nani aliyezima namba saba?"

"Mimi. Ilikuwa nje ya mpaka zaidi ya saa nzima. Nje ya mpaka haina bima. Huo ndio utaratibu."

"Sarira alikupigia mara tisa."

"Ndiyo. Alitaka niiwashe. Yeye asingeweza kuiwasha kutoka kule."

"Alikwambia kuna watu chini ya udongo?"

Damaris alisikia kijiko cha chai kikikoroga kikombe, halafu kikakoma.

"Aliniambia. Nilikuwa mkutanoni. Nilimwambia asubiri."

"Na simu ya mwisho?"

"Saa kumi na moja na dakika thelathini na nane. Alikuwa analia. Alilia kama mtoto, sikuelewa hata anasema nini. Kisha ikakatika. Nikadhani amekasirika."

"Iwashe."

"Inspekta, kuna fomu ya..."

"Iwashe sasa hivi."

Aliporudi, Yohanis alikuwa bado amepiga magoti. Damaris alitamani asimwambie. Lakini yangeandikwa kwenye jalada, yangesomwa mahakamani mbele ya watu. Afadhali ayasikie hapa. Akamwambia: majibu matatu ya uongo, simu tisa, na mabega.

"Siyo kweli," alisema Yohanis.

"Ni kweli, ndugu yangu."

"Alikuwa anacheka. Nilimwona."

Yohanis alimtazama Damaris, akitafuta usoni mwake mahali pa kushika, asipate.

Taa ya kijani iliwaka ndani ya katapila. Watu waliacha kuchimba. Hapakuwa na dereva mwingine kijijini, na kila mtu alilijua hilo. Wempi alimtazama mkubwa wake. Damaris akaitikia kwa kichwa.

Yohanis alipanda. Alichimba polepole, kwa upole wa kutisha. Kijiko cha kumi na moja kilifunua ukuta. Alfrida alikuwa amemkumbatia binti yake kwa mkono mmoja. Mkono mwingine ulishika kifuniko cha sufuria kilichobonyea ukingoni.

Mchana, kituoni, Wempi alimsomea maelezo yake ili atie sahihi. Alipofika kwenye sababu ya kuua, alisoma neno moja: kisasi.

"Futa hilo," alisema Yohanis. Ilikuwa mara ya kwanza kusema tangu ashuke kwenye mashine. "Mtu wa kisasi yuko Makassar. Andika nilimuua aliyekuwa ananiombea."

"Nafasi yenyewe ndogo," alinong'ona Wempi, kalamu imesimama hewani.

"Andika pembeni," alisema Damaris. "Andika yote."